Kigae kinapasuka ndani ya meza ya mbao: tatizo ni udongo au ubao?

UdongoNaMti:
Wadau, tuko wawili, mfinyanzi na seremala. Meza yetu ni ubao mzima wa upana wa mm 450. Katikati tumechimba shimo la kina cha mm 12, tukalaza kigae cha mraba cha mm 320 kilichochomwa kwa nyuzijoto 1240 za Selsiasi. Gundi ni epoksi, imepakwa chini kote na pembeni. Hewa ikipata unyevu, kigae kinatoa ufa mmoja ulionyooka, unaofuata nyuzi za ubao. Miguu ni mirija ya udongo ya mm 400 iliyofungwa juu kwa bolti, na inachanika kuzunguka tundu la bolti. Tubadilishe udongo?

RandaKali:
Udongo hauna kosa, na huo ufa unaofuata nyuzi ndio ushahidi. Ubao hautanuki kwa urefu, hutanuka kwa upana. Unyevu wake ukipanda kwa asilimia 4, ubao wa kawaida huongezeka karibu asilimia 1, yaani mm 3 hivi chini ya kigae chako. Epoksi imekishika kila mahali, kwa hiyo kinavutwa pande mbili. Kigae huvumilia sana kubanwa, lakini kuvutwa hakiwezi.

Ondoa epoksi kabisa. Weka matone matano ya silikoni (gundi inayobaki laini kama mpira), moja katikati na manne karibu na pembe, kila moja la ukubwa wa sarafu, chini pasipo na gilezi (ile rangi ya kioo inayopakwa juu ya udongo). Acha nafasi ya mm 3 pande mbili zinazotazama upana wa ubao. Zile zinazotazama urefu, mm 1 inatosha. Ukitaka nafasi isionekane, jaza ukanda wa koki (gome laini la vizibo vya chupa), usijaze gundi ya maji wala vumbi la mbao, maana vikikauka unarudi palepale.

MotoWaTanuri:
Naongezea upande wa mfinyanzi. Shimo lisichimbwe kabla kigae hakijatoka tanurini. Vigae vya udongo uleule, moto uleule, hutoka vikitofautiana, na kingine hukunja pembe. Kwa makadirio, chora mstari wa mm 100 kwenye kipande kibichi, kichome, upime tena. Ukibaki mm 88, udongo umesinyaa asilimia 12. Basi gawanya kipimo unachotaka kwa 0.88: kigae cha mm 320 kikatwe mm 364 kikiwa kibichi.

Kukunja kunaanzia kwenye kukausha. Kilaze kati ya vipande viwili vya plaiwudi, kigeuze kila siku, usikiharakishe juani. Udongo uliochanganywa vigae vilivyosagwa haukunji sana kama ule laini.

PatasiNaUdongo:
Kuhusu miguu: bolti inashika ukingo mmoja, na mtu akiisukuma meza mguu unapindwa, upande mmoja unavutwa. Pitisha nondo yenye hesi (mizunguko ya skrubu) ya M10, yaani ya unene wa mm 10, kutoka juu hadi chini ya mrija, ili mguu wote ubanwe kwa urefu. Tundu la udongo liwe mm 14, nondo isiguse ukingo. Juu na chini weka washa pana ya chuma yenye mpira kati yake na udongo. Kaza nati kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Miisho ya mrija isugue juu ya kioo kilichonyunyiziwa unga wa msasa na maji mpaka ikae sawa. Kinundu kimoja cha gilezi kinatosha kuanzisha ufa.

Msijaribu kuingiza nguzo ya mbao inayobana ndani ya mrija. Ikivuta unyevu inaupasua kutoka ndani.

UdongoNaMti:
Ahsanteni. Meza zilizokwisha gundishwa, ambazo bado hazijapasuka?

RandaKali:
Kata epoksi ya pembeni kwa wembe wa msumeno mwembamba, pande mbili za upana kwanza. Ya chini pasha ubao kutoka nyuma polepole. Epoksi nyingi hulegea kwa joto, halafu ingiza waya mwembamba ukikata kama sabuni. Usielekeze joto kwenye kigae chenyewe, kikipata moto sehemu moja kitapasuka mkononi.