Baruti ya Webley ya marehemu babu: Unique, Bullseye au nyeusi?

MwanaKizingo: Assalaam aleikum. Nimerithi Webley ya babu, bastola ya Kiingereza, kibali kimeshatoka kwa jina langu. Risasi zake hazipatikani, natafuta mwenye leseni anijazie maganda upya. Nimwambie atumie baruti gani: Unique au Bullseye, zisizo na moshi, au nyeusi ya zamani?

FundiMakadara: Hujasema kitu, ndugu yangu. Mark ngapi, yaani toleo gani? Ya mwaka gani? Silinda inayoshika risasi imekerezwa nyuma ipokee risasi za Kimarekani za .45 ACP, au bado ni ya .455, risasi zake za asili?

BabaSwaleh: Nyeusi usiiguse hapa Mombasa. Masizi yake hufyonza unyevu, na hewa yetu ni chumvi tupu. Usipoosha mtutu kwa maji ya moto siku ileile, umeliwa na kutu.

KwaMaji: Masizi yanaoshwa, mzee. Silinda ikipasuliwa na baruti kali utaiosha na nini? Bastola kongwe zilizaliwa na baruti nyeusi.

MwanaKizingo: Ni Mark VI, imegongwa 1917. Silinda sijui.

FundiMakadara: Mark VI ilitoka 1915 ikitumia kordaiti, baruti isiyo na moshi, KwaMaji, si nyeusi. Shida ni kwamba nyingi zilizouzwa Marekani zilikerezwa, na .45 ACP ya kiwandani ina nguvu kuliko silinda ile ilivyopimiwa.

MstaafuWaMeli: Bullseye achana nayo. Nilipoishi Texas nilikuwa najaza mwenyewe. Inawaka haraka, kiasi kidogo tu chatosha, ganda linabaki na nafasi kubwa. Ukimimina mara mbili halifuriki. Usiku mmoja simu ililia nikiwa katikati. Niliporudi nikaendelea, kumbe ganda moja nimelirudia. Kesho yake uwanjani, risasi ya nne, silinda ikafunguka kama ganda la njugu, kipande kikanichana juu ya nyusi. Tangu siku ile napanga maganda yote 50 kwenye kibao, namulika tochi ndani ya kila moja kabla ya kupachika kichwa cha risasi. Unique inajaza ganda zaidi. Trail Boss ndiyo niliyoipenda, chembe zake zina tundu kama shanga, lakini walisimamisha kuitengeneza.

BiTononoka: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mmeisoma? Kibali cha bastola si kibali cha kutengeneza risasi.

MwanaKizingo: Ndiyo maana nimesema mwenye leseni, dada.

KwaMaji: Na huyo ukimpata nijulishe, namtafuta mimi pia.

BabaSwaleh: Kama ni ukumbusho, izimwe isiweze kufyatua tena, iwekwe ukutani.

MwanaKizingo: Hapana, mzee. Babu aliipaka mafuta kila Jumapili ili ifanye kazi. Kesho naweka picha ya silinda kwa nyuma.

FundiMakadara: Na alama zote zilizogongwa mtutuni. Kwa mwanga wa jua, si wa taa.