SHA na madaktari: watabaki wodini, au watatutoka mmoja mmoja?

Tabibu wa Pwani (mwanzilishi wa mada)

Wadau, tangu Oktoba 1, 2024, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii hapa Kenya) iliposhika nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, mjadala karibu wote umekuwa wa mwananchi: anakatwa ngapi, amejiandikisha au bado, hospitali inampokea au inamrudisha. Ni haki yake. Lakini kuna swali ambalo madaktari tunaulizana wenyewe kwa wenyewe, halafu tunanyamaza akipita msimamizi. Mageuzi haya yatatuweka kazini au yatatutoa?

Msimamo wangu niuweke mezani mapema, nisije nikaitwa kibaraka wa upande wowote. Siyapingi mageuzi. NHIF ilikuwa na kashfa zake na sijaona anayeililia. Sheria za 2023 zilipanga mifuko mitatu: wa afya ya msingi, ambao Serikali yenyewe ndiyo inayoujaza, wa bima, ndiyo SHIF tunayokatwa, na wa dharura na magonjwa sugu, wa kumbeba mtu bima yake ikiisha. Ukiisoma karatasini, utasema hatimaye kuna mtu aliyemfikiria mwanakijiji.

Kinachonichosha ni kwamba ahadi imetolewa jukwaani na mwanasiasa, kisha mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuivunja mbele ya mgonjwa.

Nipe nafasi nieleze kisa kimoja. Mgema ameanguka mnazini, mfupa wa paja umevunjika. Analetwa kwa tuktuk, mwanawe amemshika mguu njia nzima. Anahitaji upasuaji na chuma cha kuunga mfupa. Kwanza mashine imsome alama za vidole. Huyu mtu amepanda minazi tangu utotoni, ncha za vidole zimesuguliwa zikawa laini kama upande wa nyuma wa kijiko. Karani anampangusa kwa spiriti, anajaribu gumba, anajaribu kidole cha kati, mashine inakataa. Ikikubali, inaonekana amejiandikisha lakini hajalipa, maana asiye na mshahara anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Anayeuza mnazi kwa chupa atoe wapi pesa ya mwaka? (Baadaye ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao kwa hesabu zangu ni mkopo wenye jina tamu.) Mwanawe anakopa, analipa, sasa tunasubiri kibali cha SHA cha upasuaji. Siku ya kwanza inapita, ya pili inapita. Siku ya tatu kijana ananifuata koridoni: "Daktari, redioni walisema ni bure. Ni wewe unayekataa?"

Jibu sina. Na aliyekataa, kama yupo, hatawahi kuuona uso wa kijana yule.

Wanaodhani daktari akichoka huandika barua ya kuacha kazi hawatujui. Barua ni za wachache. Wengi wanaanza kuondoka wakiwa bado kwenye orodha ya mishahara: zamu moja ya lokamu, yaani kibarua cha muda hospitali nyingine, halafu tatu, kliniki ya jioni inayoanza saa nane mchana, shahada ya pili isiyoisha, shirika linalotaka mtu wa kuandika ripoti. Kisha mtihani wa leseni ya Uingereza au Marekani, na siku moja kikundi cha WhatsApp kinaandika "ameondoka". Ukihesabu barua, utasema mageuzi hayajamtoa mtu. Njoo uhesabu walioko wodini saa kumi jioni.

Nawasikiliza.

Mlipaji Ushuru

Daktari, umeandika vizuri na kisa cha mgema kimeniuma. Sasa nisikilize na mimi.

Nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. Zamani NHIF, hata ulipwe kama waziri, mwisho ilikuwa shilingi 1,700 kwa mwezi. Mimi leo nakatwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Hiyo kliniki ya jioni inayoanza saa nane mchana umeitaja kana kwamba ni dalili ya huzuni. Kwangu ni wizi wa saa. Hospitali ya umma mtaani kwetu, mtaalamu yupo asubuhi, adhuhuri hayupo, na ukimtaka kweli muuguzi anakuelekeza ng'ambo ya barabara, na huko anakulipisha taslimu.

Halafu tuweke kumbukumbu sawa. Mligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mkagoma siku 56 mwaka 2024. Kiambu mwaka 2025 siku 150. Mgomo wa kwanza SHA haikuwepo hata kwenye ndoto. Msitwike bima mzigo ambao mlikuwa nao tangu zamani.

Tabibu wa Pwani

Ndugu Mlipaji, migomo hiyo ilikuwa ya mikataba iliyotiwa saini ikawekwa kabatini. Ule wa 2016 ulitokana na mkataba wa 2013. Ule wa 2024 ulianza baada ya Serikali kusema daktari mwanagenzi atalipwa 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 za mkataba wa 2017. Mwisho wa mwaka huo huo ikakubali kulipa zile zile za mkataba. Siku 56 za nini basi?

Na tusichanganye mgomo na kuondoka. Anayegoma bado anataka kazi yake. Aliyekata tamaa hagomi, anapakia begi.

Kuhusu saa nane mchana, sitamtetea mtu. Nitarudi kwa hilo.

Vitanda Ishirini

Mimi si daktari, ni mwenye hospitali ndogo ya kibinafsi, na ndiyo maana nacheka nikisikia "ng'ambo ya barabara" kana kwamba huku kuna dhahabu.

SHA inalipa shilingi 30,000 kwa mama kujifungua kwa upasuaji. Ndani ya hizo mtoe daktari mpasuaji, wa nusukaputi, muuguzi, dawa, nyuzi, glavu, jenereta stima ikipotea, na chakula cha mama siku tatu. Inawezekana, sikatai, lakini pesa iingie. Afya ya msingi ni shilingi 900 kwa mtu kwa mwaka. Mia tisa! Akija mara nne na malaria na mtoto mwenye kikohozi, nimeingia hasara kabla ya Pasaka.

Juu ya hayo tukarithi deni la NHIF, bilioni kama 30 nchi nzima. Februari 2025 chama chetu cha hospitali binafsi, RUPHA, kikasema sasa ni taslimu. Mwezi uliofuata Rais akatangaza kwamba wanaodai chini ya milioni 10 watalipwa zote, wa juu ya hapo wahakikiwe kwanza. Asante, lakini mhasibu wangu hawezi kupeleka tangazo benki.

Sasa kwa swali la mada. Nilikuwa na daktari kijana hodari, alikuwa anamshika mgonjwa mkono anapomweleza. Miezi miwili nikamlipa nusu mshahara. Hakugombana nami, aliniaga kwa adabu akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya bima. Ya kibinafsi! Siku hizi ndiye anayepitia madai yangu na kuniuliza kwa nini mgonjwa alilala siku tatu badala ya mbili.

Niko Leeds

Salamu kutoka kwenye baridi. Mimi ni mmoja wa hao "ameondoka", kwa hiyo niruhusuni nipinge kidogo.

Kila nchi ikigusa mfumo wa afya, madaktari husema wataacha. Huku Uingereza, Februari 1948, miezi michache kabla ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, kuanza, chama cha madaktari kilipiga kura: karibu tisa kati ya kumi walikataa. Julai 5 ikafika, wakaingia kazini. Saskatchewan, Kanada, 1962, madaktari waligoma siku 23 kupinga bima ya umma; wakarudi, na mfumo ule ukasambaa nchi nzima. Kwa hiyo daktari akisema "nitaacha", mwanasiasa mwenye kumbukumbu anatabasamu.

Lakini angalieni walichopewa. Aneurin Bevan, waziri wa wakati ule, aliwaruhusu mabingwa kuendelea na wagonjwa wa kulipa, ndani ya hospitali zile zile za umma, na mshahara wa NHS ukawa unaingia. Hakuwabadilisha mioyo. Aliondoa hofu ya mwisho wa mwezi.

Mimi niliondoka kabla ya SHA, kwa sababu nilikuwa daktari peke yangu zamu ya usiku na kaunti ilikuwa imechelewesha mishahara tena. Bima haikunifukuza. Ila sijaona ndani ya SHA kitu ambacho kingenirudisha, na hilo nadhani ndilo swali gumu zaidi.

Muuguzi wa Usiku

Daktari, daktari, daktari. Huyo mgema siku hizo tatu za kusubiri kibali, nani alimgeuza asipate vidonda? Nani alitukanwa na ndugu zake saa tisa usiku? Wenzetu walioajiriwa kwa kandarasi za UHC, ule mpango wa afya kwa wote, mwaka 2020 walikaa miaka bila kazi ya kudumu, wakikesha barabarani na mabango, na hakuna aliyefungua uzi kuuliza kama *wao* watabaki.

Nimemaliza, narudi wodini.

Mwana wa Mwanza

Wakuu, majirani zenu wa Tanzania tunasoma. Yenu tunayajua kwa sura nyingine.

Machi 1, 2024, NHIF yetu (ndiyo, na sisi tuna NHIF, bado haijabadilishwa jina) ilianza kutumia kitita kipya cha bei. Hospitali kubwa binafsi zikasema bei hizo hazilipi, zikasitisha huduma kwa wenye kadi. Mgonjwa amesimama mapokezi na kadi yake mkononi, anaambiwa nenda ya Serikali. Sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote ni ya 2023, sawa na zenu, kwa hiyo tuko darasa moja.

Tofauti ni hii: ninyi mnauliza daktari ataacha lini, sisi huku daktari anauliza ataanza lini. Mtu kamaliza udaktari, kamaliza mafunzo kwa vitendo, yuko nyumbani au anajitolea kwa nauli. Mnakumbuka Machi 2017, mgomo wenu ulipoisha, Nairobi ikaja kuomba madaktari 500 Dar? Magufuli akakubali. Madaktari wenu wakaenda mahakamani, ajira zikazuiwa. Wetu 258 waliokuwa wameomba na kutimiza sifa, Magufuli akawaajiri hapa hapa mwezi uliofuata. Tulisema asanteni Wakenya! Ila jiulizeni: hao 258 walikuwepo siku zote, mbona ilibidi jirani apige hodi ndipo waonekane?

Mlipaji Ushuru

Mwana wa Mwanza ameniharibia hoja yangu na ameijenga pia. Maana hata kwetu kuna madaktari vijana hawana kazi huku wodi zikiwa na mtu mmoja. Basi tatizo si "kutaka kuendelea". Kaunti haziajiri. Afya iligatuliwa 2013, kila gavana kati ya 47 ana pesa za jengo lenye utepe wa kukata, ya mshahara hana.

Daktari wa Pwani, uliahidi kurudi. Ukipewa jambo moja tu la kubadilisha kwenye SHA, ungechukua lipi? Usiseme "rasilimali zaidi", hilo hata mbunge wangu anaweza kulisema.

Tabibu wa Pwani

Kibali kikicheleweshwa au kikikataliwa, SHA yenyewe imwandikie mgonjwa kwenye simu yake, kwa Kiswahili, sababu ni ipi na ofisi iliyoamua ni ipi, na nambari ya kupiga inayopokelewa. Mimi nibaki upande wa mgonjwa tunasubiri pamoja. Unaona ni jambo dogo, halina bajeti ya kutisha, lakini lingenirudishia kazi niliyosomea. Kijana wa mgema angenifuata koridoni kuniuliza kuhusu mguu wa baba yake.

Muuguzi, umesema kweli. Nilipoandika kwamba mimi ndiye ninayevunja ahadi, saa tisa usiku ni wewe.

Vitanda Ishirini

Kwa heshima, daktari, ujumbe wa simu haununui glavu. Mimi ningechukua tarehe. Madai yakipita siku kadhaa hayajalipwa wala kupingwa, yaanze kuzaa riba, kama mimi ninavyotozwa na benki. Utaona watakavyokuwa wepesi.

Mlipaji Ushuru

Yote mawili nayakubali, na riba hiyo mjue italipwa na mimi. Lakini hamjanijibu la saa nane mchana. Daktari, una kliniki ng'ambo ya barabara au huna?

Tabibu wa Pwani

Ninayo. Mbili kwa wiki, baada ya zamu, na kuna siku zamu ilikuwa haijaisha. Siifungi leo, maana ndiyo iliyolipa karo miezi ambayo kaunti haikulipa mshahara. Kaunti ikilipa kwa tarehe ile ile mwaka mzima, njoo uniulize tena, na uje saa nane.