Rafiki yetu kanyamaza tangu tuangalie Sinners, na Jumamosi ni zamu yangu kuchagua muvi. Naomba ushauri

Bisi za Chumvi:
Habari za jioni wapendwa. Sisi ni marafiki watano, wanawake watupu, tumejuana tangu chuo. Kila Jumamosi tunakutana kwangu Tabata. Mmoja analeta bisi, mwingine juisi, mimi natoa sebule na TV, na mwenye zamu ndiye anayechagua muvi. Stori zetu mnazijua: huyu ana kifua, yule ana macho, yule sauti yake tu inatosha. Michael B. Jordan kwetu hana mpinzani, na kwenye Sinners ya 2025 kacheza mapacha, Smoke na Stack, kwa hiyo siku hiyo kelele zilikuwa mara mbili.

Ikafika pale Smoke anaporudi kwa Annie, mwanamke aliyezaa naye. Annie kachezwa na Wunmi Mosaku, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Manchester: mweusi wa kung'aa, mwili umejaa. Mmoja wetu akasema, "Jamani, mwanaume mzuri hivyo, wanawake wote wa Mississippi kaona huyu?" Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Mwenzetu mmoja, rangi na mwili kama Annie, hakucheka. Alikuwa amepakata bakuli la bisi. Akaliweka chini taratibu, akavuta khanga akajifunika mikono. Baada ya muda akasema kichwa kinamuuma, akaita bodaboda, akaondoka muvi haijafika nusu. Wiki ya pili hii kwenye grupu anasoma tu, hajibu.

Niliongelee mbele ya wote au nimfuate peke yake? Na Jumamosi niweke nini? Nawasilisha.

Mama wa Kinyerezi:
Mwanangu, mfuate kwake kabla ya Jumamosi. Usipige simu, nenda. Na usianze na "yule mwenzetu hakuwa na nia mbaya", anza na wewe uliyecheka. Aliyesema ni mmoja, lakini kicheko kilitoka kwa watu wanne.

Kijana wa Ilala:
Mimi naona mnalikuza. Muvi ni ya kufurahi, na kila mtu ana anayempenda. Hata mimi kuna waigizaji wa kike siwaelewi kabisa.

Mwalimu Dodoma:
Ndugu yangu, angesema "mimi Annie hajanivutia", hilo ni lake na angebaki nalo. Yeye kasema mwanaume mzuri hafai kumpenda mwanamke wa namna ile. Yule dada alisikia habari zake mwenyewe pale, mbele ya marafiki zake wa miaka yote.

Mzee wa Kibanda:
Nimeendesha kibanda umiza, banda la kuonyesha video kwa kiingilio, Mbagala miaka mingi, haya mambo ya mvuto nimeyaona benchi kwa benchi. Mabinti walikuja kwa ajili ya sura ya Steven Kanumba, yule mwigizaji wetu wa Bongo Movie, sikatai. Lakini akianza kulia kwenye muvi, hata makonda wa daladala waliinamisha vichwa. Alipofariki Aprili 2012 sikufungua kibanda siku mbili, sikuwa na moyo. Sasa chukua marehemu King Majuto, mchekeshaji. Kifua cha mazoezi hakuwa nacho, ujana ulishapita, lakini alikuwa akitokea tu kwenye kioo, hajafungua mdomo, watu wako hoi na mlangoni hapapitiki. Mvuto ni mtu kukufanya usahau kwamba umekalia ubao. Huyo Wunmi nimemwona, na nilisahau ubao.

Dada wa Upanga:
Nakuunga mkono mzee. Gladiator II ya 2024, vijana kibao na vifua vyao, mimi macho kwa Denzel Washington mwanzo mwisho, na alikuwa anakaribia miaka 70!

Nyeri hadi Nairobi:
Dada, mwekee Lupita Nyong'o wetu, A Quiet Place: Day One ya 2024. Humo anaigiza mgonjwa wa saratani, New York inaangamia, na yeye ana paka wake tu na hamu ya pitsa. Hakuna aliyempamba mle ndani, na huwezi kumwondolea macho.

Halafu kuna hotuba yake ya 2014, alisema utotoni alikuwa anamwomba Mungu aamke ngozi imekuwa nyeupe, mpaka alipokuja kumwona Alek Wek, mwanamitindo kutoka Sudan Kusini. Mwaka 2019 akatoa kitabu cha watoto, Sulwe. Kwa Kijaluo ni nyota. Binti yangu ananisomesha hicho kila usiku, kurasa zimeanza kutoka.

Mpenda Picha:
Lupita sawa, ila usimwekee kama dawa. Mtu mzima anajua akiwekewa muvi kwa sababu yake, na sebule nzima itakuwa inamtazama yeye badala ya TV.

Halafu nina swali. Umesema aliondoka haijafika nusu? Basi Annie hajamwona bado. Ule mfuko wa dawa anaoutembeza Smoke ni Annie aliyempa. Watu wengine bado wanashangaa walio nje ni nini, Annie keshajua. Na ule mwisho, pale Smoke yuko chini na jua limetoka… sisemi zaidi.

Bisi za Chumvi:
Mrejesho. Nilikwenda kwake Alhamisi. Nilimkuta anachambua mchele, nikakaa nikachambua naye. Nikamwambia nilicheka na ninajuta. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia neno lile lile alishawahi kuambiwa na wifi yake, siku ya harusi yake, akiwa bado na shela kichwani. Miaka yote hiyo sikujua.

Aliyelisema alimpigia mwenyewe Ijumaa usiku. Waliongea nini sijui, sikuuliza.

Jana walikuja wote. Niliweka ya Lupita bila maelezo yoyote, na paka alipotumbukia majini tulipiga kelele watano. Jumamosi ijayo ni zamu yake. Ameshaandika kwenye grupu: Sinners, tangu mwanzo, na mtu asimweleze mwisho.