Kaka amekutwa na vinyama zaidi ya mia kwenye utumbo, sisi wengine tufanyeje?

binti_sengerema: Wakuu, habari zenu. Baba alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 44. Kaka (29) katibiwa bawasiri mwaka mzima bila nafuu, mwezi jana kapitishiwa kamera: vinyama zaidi ya mia. Daktari anasema ni ugonjwa wa ukoo na utumbo mpana utolewe. Mimi nina 34, sisikii chochote. Mwanangu ana 12. Shangazi anasema tumetupiwa kitu. Nianzie wapi?

mzee_kigoda: Bawasiri tu hiyo. Mlonge wiki mbili.

nesi_wa_usiku: Mzee, dawa za bawasiri ndizo zilizomchelewesha kaka yake. Dada, pole. Vinyama vikifika mia, kwanza hushukiwa hitilafu ya jeni iitwayo APC. Jeni, siyo jini la shangazi. Kila mtoto wa mwenye nayo ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Vinyama huanza kuota utotoni au ujanani, haviumi, na utumbo ukiachwa karibu wote huishia kwenye saratani. Usisubiri damu. Kaka apimwe jeni kwanza. Hitilafu ikionekana, wewe utapimwa hiyo hiyo. Ukiwa huna, mwanao hana cha kurithi kwako. Ukiwa nayo naye akiwa nayo, umri wake ndio wa kuanza kamera, kila mwaka au miwili.

fundi_friji: Mimi ninao ugonjwa huo, nilitolewa utumbo mpana 2016. Bado napigwa kamera: ya chini kwa kipande kilichobaki, na ya mdomoni, maana vinyama huota hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Kamera yenyewe unachomwa sindano unasinzia. Kazi ni ile dawa ya kusafisha tumbo, lita kwa lita, usiku kucha chooni. Siku hiyo usipande daladala! Na chukua nakala ya majibu ya kaka, daktari atataka idadi na aina ya vinyama.

mama_wawili: Ratiba msiazimane. Kwetu ni Lynch, ugonjwa mwingine wa ukoo unaoleta saratani ya utumbo: vinyama vichache ila hugeuka haraka, mimi nilianza kamera nikiwa na 25.

binti_sengerema: Asanteni. Karatasi ya kaka imeandikwa adenoma, ile aina ya vinyama vinavyoweza kugeuka saratani. Jumatatu naenda.

nesi_wa_usiku: Shangazi na baba ni tumbo moja?

binti_sengerema: Ndiyo. Ana 51. Naye ana "bawasiri" tangu mwaka juzi.

nesi_wa_usiku: Jumatatu nenda naye.