Karakana ya bunduki Nakuru imenirudishia bunduki inayolia yenyewe, na bado inataka nishukuru

Wanajukwaa, naweka malalamiko haya hadharani kwa sababu nimekwisha kuyapeleka mahali yalipostahili kufika kwanza, yaani kwa mwenye karakana mwenyewe, na maneno niliyorudishiwa yalikuwa ya kunifukuza kwa adabu. Sitaitaja karakana hiyo, na ninaomba mtu yeyote asiikisie hapa chini, kwa kuwa huenda shauri hili likafika mahakamani. Hata hivyo, kila mwenye bunduki ya bolti, yaani ile yenye chuma kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kufungua na kufunga chemba ya risasi, katika Kaunti ya Nakuru, hasa hizi za zamani tulizoachiwa na wazee, anastahili kujua ni kazi ya namna gani inayofanywa hapa mjini na kutozwa shilingi 15,000.

Bunduki yenyewe ni ya mtindo wa Mauser wa mwaka wa 1898, ambayo ilivishwa ubao wa uwindaji zamani, kabla ya serikali kupiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka wa 1977. Ilikuwa ya marehemu baba, ikahamishiwa kwangu kwa utaratibu wa sheria, imo katika cheti changu, na kazi yake siku hizi ni kulenga shabaha uwanjani basi. Nilipoipeleka karakanani, kifyatulio kilikuwa kizito na kilikwaruza. Mizani ya springi ilionyesha karibu kilo tatu kabla pini inayoigonga risasi haijaachiliwa. Sefti, yaani kile kibawa cha usalama kilicho nyuma ya bolti, haikuwa na dosari yoyote. Niliandika ombi langu kwenye karatasi, nikaacha nakala: bunduki ifunguliwe, isafishwe, ikaguliwe, na kifyatulio kilainishwe ikiwa hilo linawezekana bila kuathiri usalama wake.

Nilirudishiwa bunduki ambayo kifyatulio chake hakifikii hata kilo moja, pamoja na risiti yenye maneno mawili tu: "huduma kamili".

Uwanjani, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye tuta la udongo, niliingiza risasi, nikafunga bolti, nikaweka sefti na kuilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga nikisubiri msimamizi aruhusu upigaji. Ruhusa ilipotolewa niliishika tena na kuiondoa sefti, kidole changu kikiwa nje kabisa ya ule ukingo wa chuma unaozunguka kifyatulio. Bunduki ililia pale pale. Risasi iliingia tutani kwa sababu mtutu ulielekea tutani, wala hapakuwa na ujuzi wa fundi uliotuokoa. Msimamizi alinizuia kupiga zaidi siku hiyo, na alifanya sawa.

Niliifungua nyumbani, nikaomba msaada wa mzee mmoja aliyewahi kurekebisha silaha enzi za safari za uwindaji, na alichonionyesha ndicho kinachonifanya niandike kwa hasira. Katika bunduki ya aina hii, pini ya kupigia hushikiliwa nyuma na kizuizi kidogo cha chuma, ambacho hushuka kifyatulio kinapovutwa na kuiachilia pini iende mbele. Sefti ikigeuzwa, kibawa chake huingia mbele ya mkia wa pini na kuuvuta nyuma kidogo sana, hata mkia huo ukaachana na kizuizi. Mwanya huo mwembamba ndio usalama wote. Mtu akivuta kifyatulio kwa bahati mbaya wakati sefti imewekwa, kizuizi hushuka na kurudi juu bila kukwaruzana na kitu, na sefti inapoondolewa hukuta kizuizi kimesimama mahali pake, tayari kuupokea mkia wa pini.

Fundi wetu alitaka wepesi, akakipiga tupa kizuizi. Mkia wa pini ukasogea mbele kidogo, kibawa cha sefti kikawa kigumu kugeuka, naye, badala ya kusimama na kujiuliza kwa nini kimekuwa kigumu, akakipiga tupa na kibawa pia mpaka kikageuka kwa ulaini. Matokeo yake ni kwamba sefti haiuvuti mkia tena, inauegemea tu. Kizuizi kikiteleza kwa mtikisiko mdogo, hata ule wa kuilaza bunduki juu ya mfuko, hakiwezi kurudi juu kwa kuwa mkia umekwisha kupita, na kuanzia hapo pini inashikiliwa na kibawa peke yake. Ukikiondoa, umefyatua. Kwa hiyo kifaa kilichowekwa kuzuia ajali ndicho kilichogeuzwa kuwa kifyatulio cha pili.

Lipo na jambo jingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Sefti ya Mauser ina mahali patatu pa kusimama: upande wa kushoto bunduki iko tayari kufyatuka; upande wa kulia pini na bolti zote zimefungwa; na katikati, kibawa kikiwa wima, pini imefungwa lakini bolti hufunguka, ili mtu aweze kutoa risasi bila kuuondoa usalama. Pale katikati pamesagwa. Kibawa sasa hupita moja kwa moja bila kutua, na anayetaka kutoa risasi hana budi kuondoa sefti kwanza, nayo sefti hiyo ndiyo inayofyatua.

Anayedhani ninakuza mambo na asome yaliyotokea Marekani kuhusu bunduki za Remington 700, ambazo zilianza kuuzwa mwaka wa 1962 zikiwa na kifyatulio chenye kipande cha ziada kati ya kifyatulio chenyewe na kizuizi. Walalamikaji walieleza kwamba uchafu mdogo uliweza kuingia katika nafasi hiyo, kizuizi kikabaki bila kushikiliwa vizuri, na bunduki ikalia sefti ilipoondolewa. Zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka wa 1982 zilikuwa pia na sefti iliyofunga bolti, hivyo mtu alilazimika kuiondoa ili atoe risasi. Mwaka wa 2000, katika jimbo la Montana, mtoto wa miaka 9 alifariki mama yake alipokuwa akitaka kutoa risasi katika bunduki ya namna hiyo. Kampuni ilikana kwamba muundo wake ulikuwa na kasoro, lakini katika shauri la pamoja ilikubali mwaka wa 2014 kubadilisha vifyatulio vya mamilioni ya bunduki bila malipo. Kule ubishi ulikuwa juu ya muundo uliotoka kiwandani. Bunduki yangu ilikuwa salama mpaka ilipokutana na tupa ya karakana ya Nakuru.

Nilipoirudisha, mwenye karakana alinikaribisha chai, akanisikiliza, kisha akasema, "Mzee, hii ni bunduki kuukuu, na kuukuu ndivyo zilivyo. Ukitaka isiyokusumbua, nunua mpya." Nilimweleza kwamba ilikuwa kuukuu pia siku aliyoipokea, na sefti ilifanya kazi. Akasema wateja wengine hupenda kifyatulio chepesi na hawajawahi kulalamika. Nilimwomba aweke sefti mbele yangu, chemba ikiwa tupu, avute kifyatulio kwa nguvu, akiachilie, kisha aondoe sefti bila kugusa kitu kingine. Alifanya hivyo, na pini ikagonga "tak!" sote tukiitazama. Alinyamaza kidogo, halafu akanieleza kwamba kipimo hicho si cha kawaida katika karakana yake.

Si cha kawaida! Kipimo hicho hakihitaji mashine wala hata senti moja. Unahakikisha chemba na magazini ni tupu, unaelekeza mtutu mahali salama, unafanya nilivyoeleza, kisha unarudia ukisimamisha kibawa nusu ya njia. Halafu unaufunga bolti kwa nguvu, na mwishowe unagongesha kitako juu ya mpira mnene huku pini imevutwa. Pini ikishuka katika hatua yoyote, bunduki haitoki karakanani. Ukutani mwa ofisi hiyo imetundikwa leseni, kwa kuwa Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haimruhusu mtu asiyesajiliwa kufanya biashara ya kurekebisha silaha. Mimi niliiheshimu sheria hiyo kwa kumpelekea aliyesajiliwa, na najiuliza wanaokagua karakana hizi hukagua nini zaidi ya vitabu na kufuli.

Linaloudhi zaidi ni kwamba tupa haikuhitajika hata kidogo. Yule mzee alipochokonoa ndani alikuta grisi ya miaka mingi iliyoganda hadi ikawa kama gundi, chini kabisa ya springi ya kifyatulio, ambako karakana iliyolipwa kwa "huduma kamili" haikufika. Aidha, ubao ulikuwa umevimba kwa unyevu wa masika na ukingo mmoja ulikuwa ukisugua kifyatulio kila kilipovutwa. Alama ya msuguano ilionekana wazi, nyeusi na yenye kung'aa. Kuosha kwa mafuta taa, kupangusa, kulainisha ubao kwa msasa na kukaza skrubu kwa mpangilio kungeondoa sehemu kubwa ya ukwaruzaji. Kama uzito ungebaki, kuna vifyatulio kamili vya kubadilisha vilivyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za mtindo huu. Chuma cha kizuizi kimekomazwa juu tu kwa moto, na ndani ni laini. Ukilikata gamba hilo kwa tupa, ukingo huendelea kulika kila bunduki inapotumiwa. Kwa hiyo hata kama kingekuwa salama leo, mwaka ujao kisingekuwa.

Ninachodai nimekiandika katika barua na kuipeleka kwa mkono: nirudishiwe shilingi 15,000, nilipiwe kizuizi kipya, mkia wa pini na kibawa cha sefti, pamoja na gharama ya fundi mwingine wa kuvifunga na kuvipima, na nipewe maelezo yaliyotiwa sahihi ya kila sehemu iliyopigwa tupa, kwa sababu fundi atakayefuata hawezi kufanya kazi kwa kukisia. Nakala ya barua hiyo nimeipelekea pia Bodi ya Utoaji Leseni za Bunduki. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inataka huduma inayouzwa iwe ya ubora unaokubalika, na Mahakama ya Madai Madogo ya hapa Nakuru husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Karakana isiponijibu, nitakwenda huko nikiwa na vile vipande vilivyosagwa ndani ya bahasha.

Kwa sasa bolti nimeitoa na kuifungia kando na bunduki. Yeyote aliyefanyiwa kazi ya kifyatulio hapa mjini hivi karibuni, tafadhali fanya kile kipimo leo, chemba ikiwa tupu, na uandike hapa ulichokiona bila kutaja jina la karakana. Na kama yupo anayemfahamu fundi aliyesajiliwa, awe Kisumu, Eldoret au hata Nairobi, ambaye hupima sefti mbele ya mteja kabla ya kuandika risiti, aniandikie ujumbe wa faragha.