Nina kadi ya debiti tu: hoteli ya Dubai itanishikia pesa zote?

MamaViatu_Kibuye (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kabla sijaingia mkenge mara ya pili.

Mwezi ujao nasafiri Dubai na mdogo wangu kutafuta viatu vya watoto. Usiku tano, mtaa wa Deira. Chumba nimekiweka mtandaoni kwa dirhamu 250 kwa usiku, nalipa nikifika. Juzi hoteli ikaniandikia kwamba siku ya kuingia wataomba kadi, na juu ya pesa za chumba watashika dirhamu 200 kwa kila usiku, eti amana. Mimi kadi ya mkopo sina na sitaki. Nina kadi ya debiti, hii hii ya kutolea pesa ukutani, na M-Pesa. Basi.

Ningenyamaza, ila Pasaka ilinifunza adabu. Tulienda harusi Nakuru, tukalala hoteli moja (hoteli ya kulala, si ya chapati madondo) Alhamisi hadi Jumapili. Chumba Sh6,500 kwa usiku. Nilipofika dada wa mapokezi akachukua kadi yangu, akaniambia "ni ya usalama tu, mama", nikabonyeza PIN. Jumapili mzee wangu akasema bili ni yake, akalipa Sh19,500 kwa M-Pesa. Tukapanda matatu, tukapita Kericho tukiimba. Jumanne nataka kulipia mzigo, naambiwa pesa hazitoshi. Kwenye akaunti nilikuwa na Sh30,800, sasa naweza kutumia Sh6,300 peke yake! Walikuwa wameshika Sh24,500: zile za chumba na Sh5,000 juu. Nikipiga hoteli wanasema "sisi tulishaachilia, uliza benki yako." Nikienda benki wanasema "hatujaona kitu, uliza hoteli." Nimerushwa hivyo kama mpira siku 11.

Sasa Dubai nikipiga hesabu, 1,250 za chumba na 1,000 za amana ni dirhamu 2,250. Hiyo ni kama Sh81,000. Pesa za viatu zitatoka wapi?

Mzee_wa_Kondele

Mama Viatu, kadi ni za watu wa mshahara. Beba dola. Mimi Guangzhou, kule Uchina, nimeenda mara nne, kiunoni nina mkanda wangu wa kubebea pesa, sijawahi kuulizwa kadi na mtu. Ukitoka Kenya na dola 10,000 au zaidi unatangaza kwa forodha, chini ya hapo unapita zako.

Zamu_ya_Usiku (Kisumu)

Mzee, shikamoo. Mkanda ni sawa kwa kununua mzigo, lakini mama ameshaambiwa na hoteli kwamba wanataka kadi. Akifika saa nane usiku na watoto wa watu wamechoka mapokezini, si wakati wa kubishana.

Dada, nimefanya kazi ya mapokezi miaka sita hapa Milimani, acha nikueleze upande wetu wa kaunta. Mashine ya kadi ina shughuli mbili ambazo mgeni huziona kama moja. Kuna kukata, yaani pesa inatoka kwako inakuja kwa hoteli. Na kuna kushika: mashine inauliza benki yako, "huyu ana elfu 24 na mia tano?" Benki inajibu ndiyo na kuziwekea kizuizi. Hoteli haijapata hata senti, lakini na wewe huzigusi. Mwenye kadi ya mkopo hasikii uchungu kwa sababu kilichoshikwa ni nafasi ya kukopa. Wewe wa debiti wanakushikia unga wa watoto.

Nakuru kosa lilitokea Jumapili. Kuna kitu kimeshikwa kwenye kadi yako, halafu bili imelipwa kwa njia nyingine kabisa. Mashine haijui M-Pesa ya mzee wako! Aliyekuhudumia alitakiwa afungue ile shughuli ya Alhamisi na kuifuta palepale, akupe karatasi ya kufuta. Kama ungelipa kwa kadi ileile, angeikamilisha: 19,500 inakatwa kutoka kwenye zile zilizoshikwa, zilizobaki zinaachiliwa. Na nikiri jambo moja, zamu zikibadilishana wikendi, na tena Pasaka, hizi kufuta husahaulika sana. Mgeni akishaondoka hakuna anayeifungua faili yake mpaka apige simu kwa hasira.

MamaViatu_Kibuye

Hee! Kwa hiyo mzee wangu kwa ukarimu wake ndiye aliyeniharibia. Sitamwambia.

Kaunta_Namba_4 (Kakamega)

Niko benki, si yako labda. Zamu ameeleza vizuri, mimi niongeze ya upande huu.

Ukifungua programu ya benki kwenye simu utaona salio mbili. Moja ni pesa zote zilizomo, nyingine ni zile unazoweza kutumia. Tofauti yake ndiyo iliyoshikwa. Siku zile 11 zako pesa hazikuwa zimeenda popote, zilikuwa kwenye akaunti yako zimefungwa kamba.

Kamba hiyo hukatika kwa njia mbili. Hoteli itume ujumbe wa kuachilia kupitia benki yake, au muda wake uishe wenyewe. Wengi huona kama wiki moja, lakini kwa hoteli inaweza kufika hadi mwezi, kwa sababu mitandao ya kadi inajua mgeni anaweza kulala siku nyingi. Mkiambiwa saa 24 msiamini sana. Halafu Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka hatukuwa kazini, na wikendi pia haihesabiwi, ndiyo maana yako ilivutika.

Mteja akija kwetu anasema tu "hoteli imeniambia wameachilia", hatuna pa kushika. Njoo na karatasi ya mashine. Juu yake kuna nambari ya idhini, mara nyingi ni tarakimu sita. Hoteli ikituandikia barua pepe yenye nambari hiyo, tarehe, kiasi na tarakimu nne za mwisho za kadi, ikisema haina dai tena, jambo linakwisha mapema. Bila nambari hiyo tunatafuta sindano kwenye nyasi.

Na kabla hujapanda ndege, hakikisha kadi imefunguliwa kutumika nje ya nchi. Benki nyingine huifunga mpaka uombe. Uliza pia kiwango cha matumizi kwa siku, maana Sh81,000 kwa mkupuo mmoja inaweza kukataliwa hata kama pesa zipo.

Kijana_wa_Lurambi

Mbona mnahangaika? M-Pesa ina kadi ya Visa ya ndani ya simu, ile ya GlobalPay, iko tangu 2022. Weka pesa kidogo humo, wape nambari, mchezo umeisha.

Zamu_ya_Usiku

Mdogo wangu, kwa kulipia chumba mtandaoni mapema, naam, inafanya kazi. Kwa kaunta ni hadithi nyingine. Mapokezi anataka kadi ya kushika mkononi, aiingize kwenye mashine, na jina lililo juu lifanane na pasipoti. Kadi ya ndani ya simu haina plastiki. Nimewahi kumkataa mtu wa hivyo mimi mwenyewe, akaniita mshamba.

Msafiri_wa_Malaba

Mama, kuna swali moja ambalo hujauliza na ndilo lililonigharimu Johannesburg: *mnashika au mnakata?*

Mimi niliambiwa amana ya randi 2,000. Nikadhani imeshikwa kama mnavyoeleza hapa. Kumbe hoteli ile kwa kadi za debiti huikata kabisa, halafu ukiondoka wanakurudishia. Siku ya kukata benki yangu ilibadilisha randi kwa bei yake ya kuuza, siku ya kurudisha ikabadilisha kwa bei yake ya kununua. Kati ya hizo mbili kuna pengo, na pengo hilo ni langu. Juu yake kuna ada ya muamala wa nje. Nilirudishiwa randi 2,000 kamili, hoteli haina kosa, lakini shilingi zilizorudi zilipungua. Ikishikwa tu na kuachiliwa, hakuna pesa iliyobadilishwa, unarudishiwa kilekile kilichofungwa.

Huko Dubai dirhamu haichezi dhidi ya dola, imefungwa kwa 3.6725 tangu 1997. Inayocheza ni shilingi yetu. Na pengo la benki liko palepale.

Lingine: mashine itakuuliza ulipe kwa shilingi za Kenya au dirhamu. Itakuonyesha shilingi kwa upendo, moyo utalainika. Chagua dirhamu. Ukichagua shilingi, wenye mashine ndio wanaopanga bei, na bei hiyo kwa kawaida ni mbaya kuliko ya benki yako.

MamaViatu_Kibuye

Sasa naanza kuona mwanga. Je, nikiwaambia nalipa chumba chote nikifika, watakataa? Na amana wanaweza kupokea taslimu?

Zamu_ya_Usiku

Hawakatai kulipwa, dada! Chumba kikishalipwa, kinachobaki cha kuogopa kwao ni soda za kwenye friji, simu, chakula cha kuandikisha kwa nambari ya chumba, na taulo. Waandikie kwa lugha nyepesi: nina kadi ya debiti, nitalipa usiku zote tano siku ya kuingia, toeni vinywaji kwenye friji na msiniruhusu kuandikisha chochote chumbani. Kisha uliza amana itakuwa kiasi gani kwa hali hiyo, mnashika au mnakata, na kama taslimu mnakubali. Hizo dirhamu 200 kwa usiku ni bei ya mgeni asiyeuliza. Wengi huwa na kiwango kimoja cha safari nzima kwa aliyelipa kabla.

Jibu lao lichapishe, ulibebe. Mtu wa barua pepe na mtu wa kaunta usiku hawajawahi kuonana.

Ukitoa taslimu, usiondoke kaunta bila risiti yenye muhuri na neno amana. Risiti ikipotea, umetoa sadaka.

Msafiri_wa_Malaba

Na utadaiwa ushuru wa utalii, dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na nyota za hoteli. Mara nyingi hauko kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Usije ukapigana na mhudumu wa watu.

Kaunta_Namba_4

Kama una akaunti nyingine iliyolala, iamshe, uombe kadi yake. Weka humo pesa za hoteli peke yake, pamoja na kidogo cha juu. Pesa za viatu zikae akaunti tofauti kabisa. Hata wakishika mpaka Krismasi, biashara inaendelea.

Mzee_wa_Kondele

Au mkanda.

MamaViatu_Kibuye (wiki saba baadaye)

Wadau, nimerudi Ijumaa, Jumapili nilikuwa sokoni Kibuye na mzigo, ndiyo maana nimechelewa kuleta mrejesho.

Niliandika kama Zamu alivyosema. Wakajibu siku ya pili: ukilipa chumba chote, amana ni dirhamu 500 kwa safari nzima, kadi au taslimu. Nikauliza lile swali la Malaba. Jibu: "kwa debiti tunakata, tunarudisha baada ya ukaguzi, siku 14 za kazi." Hapo hapo nikaamua taslimu.

Kufika kaunta, kijana akaanza tena na 200 kwa usiku, 200 kwa usiku. Nikatoa karatasi. Akaisoma, akaenda ndani, akarudi anatabasamu. Chumba nililipa dirhamu 1,250 kwa ile kadi ya akaunti iliyokuwa imelala, na mashine kweli ikanionyesha shilingi kwa upendo. Mdogo wangu alikuwa ameshanyoosha kidole abonyeze, nikamfinya. Ushuru wa utalii ulikuwa dirhamu 10 kwa usiku, nikatoa 50 kimya kimya.

Palipotaka kuniponyoka ni siku ya kuondoka. Ndege ilikuwa alfajiri, tunatoka hotelini saa tisa usiku, na mtu wa kukagua chumba anaingia kazini asubuhi. Mlinzi wa zamu akaniambia nitumie nambari ya akaunti, watanitumia amana. Nikakaa kwenye kochi pale mapokezini na masanduku yangu matatu, nikamwambia sina haraka. Kumbe alikuwepo wa kukagua. Dakika kumi, wakahesabu taulo, nikapewa 500 zangu kwa noti. Ambaye ndege yake ni ya usiku, omba ukaguzi jioni yake.

Hizo dirhamu 500 sikuzibadilisha uwanja wa ndege, bei yao ilinikera. Zimo kwenye bahasha pamoja na pasipoti. Novemba nikirudi, amana ninayo tayari.

Mzee_wa_Kondele

Si nilisema taslimu?

MamaViatu_Kibuye

Mzee wangu, chumba nililipa kwa kadi. Tugawane ushindi.