Wazee wetu na kafi: tuwapeleke Jinja, Bunyonyi au Mabamba?

Binti_wa_Nakawa
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Kikundi cha wastaafu wa mtaa wetu hapa Kampala kimeniomba niwapangie matembezi ya majini. Ni watu 12, mdogo wao ana miaka 61 na mkubwa 78. Boti ya injini hawaitaki, wanasema wamechoka kubebwa. Wanataka kushika kafi wenyewe. Wawili magoti yanawasumbua, mmoja yuko kwenye dawa za presha, na wengi hawajui kuogelea. Nimebaki na sehemu tatu: Jinja, Ziwa Bunyonyi na kinamasi cha Mabamba. Bei nitaulizia mwenyewe. Ninachotaka kwenu ni kujua mzee atapanda vipi, atakaa vipi na atashuka vipi.

Muuguzi_Walukuba
Hilo la kupanda na kushuka ndilo lenyewe, maana katikati ya maji mzee ameketi, hana shida. Hatari iko pale ukingoni, mguu mmoja nchi kavu na mwingine chomboni.

Mimi niko Jinja, basi nianze na kwetu. Ukisema Jinja, taja ni Jinja ipi. Chini ya bwawa la Bujagali mto Nile unakwenda kwa kasi na kuna maporomoko ya vijana wenye helmeti. Wazee wako hapana, hata wakibembelezwa. Juu ya bwawa, tangu lilipoanza kazi mwaka 2012, maji yametanda na kutulia, na hapo ndipo wanaoanza hupiga kayaki, vile vyombo vidogo vyembamba vya kafi. Omba zile za wazi za kukalia juu, za watu wawili wawili. Ikipinduka, mtu anaanguka pembeni, habanwi miguu ndani. Mwenye nguvu akae nyuma, ndiye anayeongoza chombo.

Halafu kichocho. Ziwa Victoria na Nile vyote vinacho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji na kupenya ngozi kwa dakika chache tu, na konokono hao hupenda maji ya kina kifupi yenye majani, yaani palepale mtu anapokanyaga ili apande. Kwa hiyo gati si anasa, linaokoa goti na linaokoa ini. Nendeni mapema, saa moja na nusu au saa mbili asubuhi. Vijidudu huwa vingi zaidi jua linapopanda, na upepo wa ziwani nao huamka baadaye. Aliyelowa akapime baada ya miezi miwili, dawa ipo.

Kafi_la_Rutinda
Karibuni Kabale. Bunyonyi liko karibu mita 2,000 juu ya bahari, lina visiwa 29, halina kiboko wala mamba, na sifa yake kubwa ni kwamba halina kichocho. Kwa mtu anayetaka kupiga kafi kwa utulivu, sioni penye kulizidi.

Lakini niseme ukweli wa mtumbwi wetu. Ni gogo moja la mkaratusi limechongwa, tumbo lake la mviringo. Mgeni akipiga kafi upande mmoja tu unazunguka palepale, na ukisimama ghafla unayumba. Mzee asipande akiwa amesimama. Tunaufunga sambamba na gati, anakaa kwanza kwenye mbao za gati, anaingiza miguu, anashika kingo mbili, ndipo anateremsha makalio. Na kila mtumbwi uwe na mwenyeji mmoja nyuma. Mtu wa magoti mumuulizie mtumbwi wenye ubao wa kukalia, maana kukaa sakafuni magoti yakiwa kidevuni kwa saa nzima ni adhabu.

Jingine, kina. Ziwa hili linazama ghafla kutoka ukingoni. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe nchi kavu na mikanda ikazwe. Mshike mtu mabegani pa jaketi umvute juu. Likipanda mpaka masikioni, halijamkaa.

Mzee_wa_Arua
Binti, marahaba. Mimi nina miaka 70 na nimekwenda kote huko. Bunyonyi ni pazuri, sibishi, ila usisahau barabara. Kutoka Kampala ni zaidi ya km 400, Masaka, Mbarara, Ntungamo, siku nzima kiunoni. Ukiwashusha kwenye basi na kuwaingiza majini jioni ileile umewaumiza. Walale, wapige kafi kesho yake, walale tena. Na baridi ya Kabale si ya Kampala, sweta ni lazima.

Mabamba kwangu ni ya mwisho kwa hao wanaotaka kafi. Ni kinamasi cha mafunjo, tena kiko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, tangu 2006, na watu hufuata korongo-nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Ila pale mwenye mtumbwi ndiye anayesukuma kwa upondo kwenye vijia vyembamba, wewe unatazama. Ni raha ya macho.

Hajati_Entebbe
Mzee wangu, hapo nakupinga kidogo kwa heshima. Katika watu 12 lazima wapo ambao mabega hayainuki, nao wasiachwe nyumbani. Mama yangu alimwona korongo yule amesimama kwenye majani, haendi, hageuki, akashuka mtumbwini ana furaha ya wiki nzima. Mabamba iwe ya hao, na ni karibu. Sharti langu ni moja, majaketi yahesabiwe kabla ya kulipa. Novemba 2018 watu zaidi ya 30 walizama Ziwa Victoria kwenye boti ya starehe iliyojaa kupita kiasi, upande wa Mukono. Mwenye chombo akisema "jaketi zipo, tutawapa huko mbele", geuzeni gari.

Binti_wa_Nakawa
Nawashukuru wote. Naona tuanze na Jinja juu ya bwawa, km 80 tu, asubuhi na kurudi. Watakaoipenda tuwapeleke Bunyonyi kwa kulala mbili, baada ya mvua za Machi mpaka Mei kuisha. Hajati, Mabamba nitaipanga kwa wale wawili wa magoti na yeyote atakayetaka.

Swali moja limebaki. Bibi mmoja ameniambia hatakunywa maji siku hiyo kwa sababu ya choo.

Muuguzi_Walukuba
Usimruhusu. Mzee aliyekaukiwa na maji hupata kizunguzungu, na kizunguzungu kwenye gati ndiyo anguko. Anywe kidogo kidogo tangu alfajiri, apite chooni kabla ya kuvaa jaketi, na msikae majini zaidi ya saa moja bila kurudi gatini. Yule wa presha asiache dawa yake. Kama ni ile ya kukojosha, amuulize daktari wake mapema saa ya kuimeza siku ya safari. Na ukipiga simu huko utakakokodisha, uliza choo kiko hatua ngapi kutoka gati, kabla hata hujauliza bei.